Mghafu Usiotiwa Maji

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mlioko Maskati na mlioko London, na nyinyi wa hapa hapa Ibra mnaopita mbele ya nyumba yangu na magari yenu: kile kimti kilichozungushiwa waya nje ya ukuta wangu, mnachokipiga picha na kukicheka, hakikusahauliwa. Hakikosi mtu wa kukitia maji. Kimekuwa na watu wengi mno wa kukitia maji, na mimi nimegombana nao wote, na wengine mpaka leo hatusemi vizuri. Kila mgeni akija huniuliza, "Bibi, mbona huumwagii mti wako?" Nimechoka kujibu. Naandika mara moja, someni, halafu mniache.

Skuli sikusoma sana. Nilisoma chuoni, nikasoma na madarasa machache ya skuli kule Unguja, mambo yakageuka, tukahama. Basi msinitafutie maneno mazuri humu.

Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Ibra. Alizaliwa mji wa kale, kwenye mitende, panapopita falaji, ule mfereji wa wazee unaonywesha mashamba. Mimi alinioa nimeshafika Oman, msichana wa Unguja mjini, Kiarabu changu cha kukwamakwama. Watoto walipokuwa wakubwa tukajenga nje ya mji, kwenye viwanja vipya, ambako falaji haifiki na hakuna kitu ila kokoto nyeusi na upepo. Maji yalikuwa yakija kwa lori, yanajazwa kwenye tangi, na lori likichelewa mnaangaliana.

Mwaka aliougua ndipo alipotaka mghafu. Waarabu huuita ghaf. Ni mti wa nchi hii, wa mchangani, majani madogo, miiba midogo, na huishi mahali ambapo mbuzi mwenyewe anafikiri mara mbili. Alikuwa akisimulia kwamba uwanjani kwa mama yao ulikuwepo mghafu, wageni wakifunga punda chini yake, ukakatwa yeye na dada yake wakiwa wadogo. Akataka mwengine. Akapelekwa na mwanangu mchangani kwa Mabedui, akarudi na mfuko wa mavi ya mbuzi, maana mbegu ya mghafu ikishapita tumboni mwa mbuzi ndiyo huota upesi.

Nikamwambia, "Umekwenda mbali kote huko kuniletea mavi?"

Akanambia, "Nimekuletea kivuli. Hakina haraka, na wewe usiwe na haraka."

Alichimba shimo kwa mkono wake, kando ya bomba la nje tunapotilia udhu. Alichagua pale kwa sababu ardhi ya pale imelowana na ni laini, na hakuwa na nguvu tena za kuchimba pengine. Mti haujafika gotini, akafariki.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo palipoanza maudhi yote. Makaburi ya hapa si kama mliyoyaona kwengine. Hayana jina, hayana saruji, hayana chochote. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, na baada ya mvua mbili huwezi kumjua wako na wa mwenzio. Ndivyo dini ya watu hawa, na mimi siipingi. Lakini mtu anataka mahali pa kumtazamia mtu wake. Watoto wangu wakapaona pale kwenye mti.

Na siye tuliotoka Unguja tunalo jambo letu. Maji ya udhu yanayobaki kwenye birika hayamwagwi ovyo. Mama yangu alikuwa na asumini mlangoni pa jiko, na kila aliyetia udhu yanayobaki humwagia asumini, kwa sababu kukinywesha kitu chenye uhai kuna thawabu. Nikawalea wanangu hivyo hivyo. Basi baba yao alipokufa, wakaanza kumwagia mghafu na kumuombea. Akitia udhu mmoja, humwaga na kusema Mungu amrehemu. Akija mwengine, vivyo hivyo. Sala tano kila siku, nyumba imejaa watu, na wageni nao wakishaambiwa kwamba mti huu ni wa marehemu, kila mmoja hutaka kuchukua thawabu zake kabla hajaondoka. Ardhi ya pale haikuwa ikikauka.

Na mti ukaenda juu. Ulikuwa mzuri, sikatai. Majani laini, kijani cha kung'aa, ukapita ukuta kabla haijafika miaka mingi. Majirani wakaja kuutazama. Watu walikuwa wakisema mghafu hukua polepole, wetu ukakua kama mpapai. Tukajiona tumejaaliwa.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuusifu. Wifi yangu, dada wa mume wangu, mkubwa wake kwa umri, hajapata kuishi nje ya Ibra siku hata moja, na Kiswahili hajui wala hataki kukijua. Maneno yake yote nitakayoyaandika hapa aliyasema kwa Kiarabu. Mimi hajapata kuniita jina langu tangu niolewe. Huniita "mke wa ndugu yangu", na alipokufa huyo ndugu yake akaendelea kuniita vile vile. Kila Ijumaa alikuwa akija baada ya sala, anakunywa kahawa yake, anakula tende zangu na kusema za kwake ni bora, kisha anakwenda nje, anajaza birika mpaka juu, anaumwagia mti birika zima. Polepole. Na anatabasamu. Nilidhani anamkumbuka ndugu yake.

Mwaka mmoja wakati wa joto, alasiri, mawingu yakajikusanya juu ya milima kama yanavyofanya, na kabla ya tone la mvua ukaja upepo na vumbi jekundu. Tulikuwa ndani, tumefunga madirisha. Tulisikia kitu kama mtu ametupa gunia. Upepo ulipopita tukatoka. Mghafu umelala chini, kichwa kimeangukia ukuta, na mizizi imetazama juu.

Mke wa mwanangu alilia kama amefiwa mara ya pili. Mkwe wangu huyu ni mtoto wa mji wa Sur, lakini wazazi wake walirudi kutoka Bujumbura, na Kiswahili chake ni cha bara. Ni mtu mzuri, ila machozi yake yako karibu. Akawa anasema, "Mama, baba ametuacha kabisa sasa." Nikamwambia, "Baba yako alituacha zamani, huu ni mti. Nipishe nitazame."

Nikachuchumaa nikatazama. Mizizi yote ilikuwa imejitandaza kama mkeka, myembamba, laini, imejisokota kuelekea kwenye bomba. Hakukuwa na hata mmoja ulioshuka chini. Hata mmoja. Mti mrefu kuliko mwanangu, umekaa juu ya ardhi kama kikombe juu ya sahani.

Ijumaa akaja wifi. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja nje, akasimama na fimbo yake, akautazama mti wangu ulioanguka, akaanza kucheka. Si kicheko kikubwa. Mabega tu yanatikisika.

"Mghafu kuangushwa na upepo," akasema. "Nimeishi umri wote huu sijapata kuona. Nyinyi watu wa Zinjibari mmeulea kama mtoto mgonjwa. Mlibakisha kuutia shuka."

Nikamuuliza, "Ulikuwa unajua kwamba maji yanauharibu?"

"Kila mtoto wa hapa anajua. Mghafu ukipewa maji juu kila siku, wa nini uyatafute chini?"

"Na wewe ulikuwa ukija kila Ijumaa unamwaga birika zima."

"Nilikuwa nampelekea ndugu yangu thawabu," akasema. "Mti ni shauri lako."

Andikeni hayo kichwani mwenu. Miaka yote ile, anakula tende zangu, anajua, na anamwaga. Nilimwambia kahawa imekwisha. Akaelewa, akaenda zake.

Sasa mwanangu akaja na fikra zake. Mwanangu ana kazi ya mshahara, ana haraka na kila kitu. Akasema atasafisha pale, atatandika matofali ya saruji apate mahali pa gari, na ukutani atapanda damas, ule mti wa kuletwa ambao watu wote wameupanda kwa sababu mwaka mmoja tu umeshakuwa ukuta.

"Hukua haraka, mama."

"Hukua haraka, hula mabomba. Muulize jirani yako choo chake kilikuwaje."

"Basi mkunazi."

"Mghafu."

"Mama, mghafu tumeshajaribu. Hatuna bahati nao."

"Bahati haikuumwagia maji. Tumeumwagia siye."

Halafu akasema neno lililonichoma. "Mama, mghafu ni mti wa watu wa hapa. Wao wanaujua." Huyo ni mtoto niliyemzaa mimi hapa hapa, hajui nchi nyengine, na baba yake amezikwa ng'ambo ya barabara ile. Kama yeye anasema "watu wa hapa" na mimi simo, basi nimekaa miaka yote hii kama mgeni aliyesahau kuondoka. Nikajua siku ile nataka nini. Kivuli nilikuwa nacho, nyumba ina paa. Nilitaka kitu kimoja katika nchi hii ambacho mkono wangu umekisimamisha, kisimame bila ya mtu kukishika. Na kiwe ni kile alichokitaka marehemu. Mengine yote, gari na matofali, sikuyasikia.

Mvua zikanyesha mwaka ule mpaka mabonde yakashuka maji na barabara ikafungwa. Yalipokauka nikamwambia mwanangu anipeleke kwenye ule mghafu mkubwa ulioko ukingoni mwa wadi, lile bonde kavu linalopita maji ya mvua, njia ya kwendea Sur. Nilikuwa nimeuona mara nyingi nikiwa garini, sijapata kuushukia. Maji yalikuwa yameukata ukingo, udongo umekwenda, na mzizi umebaki wazi.

"Mama, usisogee, ukingo utaporomoka."

"Nyamaza, uangalie."

Mzizi ulikuwa mnene kama paja, umeshuka moja kwa moja, umepita kokoto, umepita udongo mwekundu, umefika chini kabisa mahali maji ya wadi yalipopita, na hapo pia haukuishia, umeingia ndani tukaupoteza. Juu, mti wenyewe haukuwa mrefu sana. Ule wetu ulioanguka ulikaribia kuufikia. Nilitia mkono wangu pale kwenye mzizi. Mgumu, mkavu, umekwaruzwa na mawe. Nikamwambia mwanangu, "Huu haukubembelezwa na mtu." Akatazama saa yake, lakini alitazama na mzizi.

Jumatano nikaenda soko la wanawake, lile ambalo wanaume hawaingii. Kulikuwa na mwanamke wa Kibedui amevaa barakoa yake, anauza dawa za majani na samli. Nikamuuliza kama ana mavi ya zizi la mbuzi waliokula mghafu.

"Unataka samadi?"

"Nataka mbegu. Nataka kupanda."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mghafu hupandwa? Nani anaupanda mghafu? Unaota wenyewe au hauoti."

"Basi mimi nitausaidia kuota wenyewe."

Akacheka mpaka barakoa ikasogea. Lakini wiki ya pili aliniletea mfuko, akaurusha juu ya meza kama anatupa taka, na hakutaka chochote. Mjukuu wangu, binti wa mwanangu, alikuwa na mimi. Alishika pua njia nzima mpaka nyumbani. Huyu Kiswahili chake mnakijua kilivyo, kila kitu kwake ni mtu. "Bibi, mavi hawa wananuka."

"Wewe ulipozaliwa ulinuka kuliko haya. Kaa kimya."

Safari hii sikupanda karibu na bomba. Nilitoka nje ya ukuta, upande wa jua, kwenye kokoto, mbali na maji ya udhu, mbali na maji ya AC, mbali na kila mwenye huruma. Mwanangu alichimba kwa mtaimbo, akilalamika kwa kila pigo. Nilimtaka achimbe mpaka mtaimbo umezwe wote. Tukarudisha udongo, tukalowesha shimo mara moja mpaka chini, nikazika mbegu, nikaweka waya kwa ajili ya mbuzi. Zilipoota nikaacha mche mmoja, nikang'oa mingine. Mwaka wa kwanza niliunywesha mimi peke yangu, maji mengi kwa siku moja, halafu nauacha mpaka udongo upasuke. Halafu nauacha zaidi. Halafu nikaacha kabisa. Nikawakusanya watu wa nyumbani, nikawaambia mti huu hautiwi maji, na aliyekuwa hakusikia anyanyue mkono. Hakunyanyua mtu.

Walikuwa wamesikia. Kutii ni jambo jengine.

Kila asubuhi nilikuwa natoka, natia kidole shinani. Siku moja kikaingia. Udongo laini. Na kando ya mti majani ya mwituni yamechipua, kokoto zetu hazina majani hata ya bure. Nikaingia ndani. Nikauliza nani. Kila mtu akawa na kazi ya kufanya.

Mjukuu wangu akasema, "Mama alimwagia huyu mti. Akasema usimwambie bibi."

Mkwe wangu akaweka mwiko chini. Machozi yakawa yameshafika. "Mama, nisamehe. Nilimuota baba. Amekaa pale nje, midomo imekauka, anaomba maji."

"Alikwambia maji ya mti?"

"Alisema maji tu."

"Mimi nimelala na mtu yule miaka yote, akitaka maji ataniamsha mimi. Akija tena kwako, mwambie aje kwangu. Mlango anaujua."

Mwanangu akacheka, akajifanya anakohoa. Mkwe wangu hakucheka. Akasema, taratibu, lakini akasema: "Mama, unaona sawa? Watu walikuwa wanamuombea baba pale kila siku. Sasa umekataza. Hata mtoto hajui tena kumuombea babu yake." Nilikuwa na jibu la ukali tu, na nilimpa hilo, nikamwambia akapike.

Neno lake likatembea. Haya ni mambo ya Ibra, mtu akipiga chafya asubuhi, adhuhuri ukumbi mwengine wanamtakia afya. Wanawake wakaanza kusema kwamba mke wa fulani amewakataza watoto kumtolea baba yao sadaka. Nilikwenda kwenye hitima, wakanisogezea mahali pa kukaa na huku wamenyamaza. Nikakaa, nikasoma, nikala, nikaondoka. Nilijua limetoka kwa nani. Mkwe wangu alikuwa amemlilia wifi kwenye simu, na wifi hakuhitaji zaidi ya hapo.

Ukaja msimu wa joto wa tatu. Nyinyi mliokulia kwenye AC hamjui joto ni nini. Mpini wa mlango unakuunguza. Maji ya bomba la baridi yanachemka. Mitende ya mji wa kale yenyewe, yenye falaji, ilijikunja. Na mghafu wangu, mdogo vile, haufiki kifuani, ukaanza kugeuka. Majani yakawa ya kijivu, yakapukutika. Vikabaki vijiti na miiba.

Mwanangu akasimama nao siku moja kabla ya kwenda kazini. "Mama, mti umekufa."

"Haujafa."

"Umekufa, mama. Au unakufa. Ndoo moja tu."

"Ndoo moja ndiyo itakayouua. Sasa hivi unatafuta. Ukiipata ndoo yako utaacha kutafuta."

"Na kama chini hakuna kitu?"

Nilimwambia nenda kazini. Sikumwambia kwamba hilo ndilo nililokuwa najiuliza mwenyewe kila nikiswali. Kama chini hakuna kitu, nitakuwa nimeuua mti wa marehemu kwa ukaidi, mbele ya watu wote, na wifi yangu atakuwa na la kucheka mpaka azikwe. Nilikuwa naweza kutia ndoo moja na hakuna ambaye angejua. Bomba lipo, mkono ninao. Sikutia.

Ijumaa ikafika. Wifi alikuwa hajaja kwa muda, tangu ile habari ya hitima. Siku hiyo akaja. Kahawa hakutaka. Nilikuwa jikoni, nikasikia bomba la nje linafunguliwa na birika linajaa. Nikatoka. Nikamkuta ameshapita lango, fimbo mkono mmoja, birika mkono mwengine, anauendea mti wangu. Mwanangu na mkwe wangu wamesimama langoni, hakuna anayethubutu kumzuia, shangazi ni shangazi.

Nikamwita. Hakugeuka. Nikamfikia, nikashika birika.

"Niachie," akasema.

"Huumwagii."

"Unamkatia ndugu yangu thawabu zake. Mji mzima unajua."

"Mji mzima unajua kwa sababu wewe una ulimi. Thawabu za ndugu yako ziko kwa Mungu, haziko kwenye birika. Wewe unataka mti uanguke tena, uje ucheke."

"Umeshakufa. Utazame. Nitacheka nini?"

"Basi kama umekufa, maji ya nini?"

Akavuta birika, na mimi nikavuta. Watu wazima wawili, mmoja na fimbo, tunavutana nje ya nyumba mbele ya barabara, na gari moja likapunguza mwendo kututazama. Maji yakamwagika, yakatulowesha sote, mimi kanga, yeye abaya yake. Kwenye mti halikufika tone. Kokoto zikayanywa pale pale.

Akabaki anahema. Halafu akasema, na hakusema kwa nguvu, "Ndugu yangu alikuwa na uwanja wa mama yetu. Mghafu wetu ulikuwa pale, mimi na yeye tulicheza chini yake. Akitaka mghafu, si angeupanda pale? Akaja kuupanda kwako."

Miaka yote ile sikujua kwamba ndilo hilo. Nilidhani ni mimi tu hanipendi, na hilo nilikuwa nimelizoea. Nikatafuta neno zuri la kumwambia, sikuliona. Nikamwambia, "Basi ungegombana na yeye alipokuwa hai. Mti haukukukosea."

"Kwako utaota?" akasema. "Kwako?"

Nikainama. Nikapitisha mkono kwenye waya, miiba ikanichana. Nikachagua kijiti chembamba karibu na shina, nikakikwaruza kwa ukucha. Juu kijivu, kikavu. Chini ya ganda, mstari mwembamba wa kijani, na ukucha wangu ukalowana. Nilimwonesha. Aliinama akatazama, macho yake si mazuri, akasogea mpaka pua yake ikagusa waya. Akatazama kwa muda mrefu. Hakusema kwamba ni kijani, wala hakusema kwamba si kijani. Akajiegemeza kwenye fimbo, akamwambia mwanangu amrudishe nyumbani, nguo zake zimelowa.

Mlioona picha mnajua kwamba baridi ilipoingia ulichipua, bila tone la mtu. Wifi yangu ameshauona. Anapita garini, anageuza uso upande huo, hashuki. Kahawa anakunywa kwengine. Mimi sikumuita na yeye hakujiita.

Lakini siku ile, mwanangu aliporudi kutoka kumpeleka, hapakuwa na mchipuo wala uhakika wowote, mimi bado nina kanga mbichi na mkono unaotoka damu. Mkwe wangu alikuwa analia jikoni. Mwanangu akaanza, "Mama, yule ni shangazi, umemdhalilisha barabarani." Nikamwambia aite watu wote wa nyumba, wakubwa na wadogo, wakae chini. Wakakaa. Nikawaambia:

"Anayetaka kumuombea baba yenu atakuja hapa sebuleni baada ya Magharibi, atakaa na mimi mkekani, tutasoma pamoja, kila siku, na wewe binti utajifunza kusoma ukikaa pembeni yangu. Thawabu zitatoka hapa. Na kuanzia leo, mtu nitakayemkuta nje ya ukuta na maji mkononi, awe mwanangu, awe mkwe wangu, awe shangazi yenu, mzuieni pale pale, mpeni kikombe, na mumsimamie mpaka ayanywe yote."